CHETI CHA FASTA NUSURA KITUUMBUE!

Kama wiki haijakuendea poa, vuta kiti ukae, maana yangu ya leo yatakufanya uyaone yako ni cha mtoto.

Najua umenizoea kwa habari za mapenzi, nyumba ndogo na mawifi wakorofi. Leo naomba ruhusa nihame kidogo. Leo naongelea cheti. Siyo cheti cha ndoa, tulia! Naongelea cheti cha kusajili hospitali. Najua kuna ambao mshataka kufunua ukurasa mkasome nyota zenu. Subirini kwanza. Humu ndani kuna mapesa, kuna tapeli, kuna usiku mmoja ambao nikiukumbuka natoka jasho, na kuna mjinga mmoja. Mjinga mwenyewe ni mimi.

Basi bwana. Nyumbani kwetu tuna dada yetu wa kwanza kuzaliwa, wote tunamwita Da' Mkubwa. Huyu ni mkunga. Kazalisha watu kwenye hospitali za serikali zaidi ya miaka thelathini, kiasi kwamba ukitembea naye sokoni mtafika nyumbani usiku, kila mama anamsimamisha: "Sista, unamkumbuka huyu? Wewe ndo ulimpokea!" Na mwenyewe eti anakumbuka!

Alipostaafu, wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua bajaji, wengine wakafuga kuku wa mayai. Yeye akanunua kiwanja huko mwisho wa daladala, hapa hapa Dar (mtaa usiniulize), halafu akatuitisha kikao cha ndugu. Akasema kwa utulivu kabisa: "Nataka kujenga hospitali."

Kaka yetu wa katikati alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi kitinda mimba, mdomo mbele, nikasimama nikasema: "Da' Mkubwa, mimi niko na wewe." Ndiyo mdomo huo huo uliofanya niuze ka-Starlet kangu. Siku ukiniona nimening'inia mlangoni kwenye daladala la Mbagala, usinicheke. Sehemu ya ile hospitali ni tairi zangu nne.

Kwa kuwa nilikuwa na uso mkavu wa kuingia ofisi yoyote, nikapewa cheo: mfuatiliaji wa makaratasi. Nikavaa shati la mikono mirefu, nikabeba faili la kijani, nikaingia mjini nikijua ni suala la wiki mbili. Wiki mbili! Wee acha tu.

Kwanza nilikutana na daktari mmoja mzee, rafiki wa Da' Mkubwa, akanipa darasa la historia. "Kijana, mna bahati nyie," akaniambia. "Sheria ya mwaka 1977 ilimfungia mlango daktari kufungua hospitali yake kwa faida. Wakaachiwa mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini. Mimi nilitaka zahanati yangu, nikasubiri mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1991. Nilikuwa na nywele nyeusi naanza kusubiri." Nikamtazama kichwani. Hakuna nyeusi hata moja.

Nikaambiwa wanaohusika ni Wizara ya Afya, kwa Msajili wa Hospitali Binafsi, na kuna Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi. Lakini huendi wizarani mkukumkuku. Unaanzia kwenye halmashauri yako, kwa mganga mkuu. Watu wake waje wakague, waandike wanachokiona kwa macho yao, ndiyo mambo yapande ngazi. Siku hizi kuna mengi ya kujaza kwenye kompyuta, lakini kompyuta haiji kupima upana wa mlango wako. Watu ndo wanakuja.

Nikarudi kwa mganga mkuu na faili langu la kijani. Afisa akasoma, akaniuliza: "Mnataka kusajili nini?"

"Hospitali," nikajibu kwa ujiko.

"Vyumba vya upasuaji viko vingapi? Wodi ya watoto? Mionzi? Mochwari?"

Nikamezea mate. Sisi tulikuwa na jengo la vyumba kumi na nne na mti wa mwarobaini.

Hapo ndo nikajifunza la kwanza. Sisi mtaani kila penye koti jeupe na sindano tunaita hospitali. Serikali haina mchezo huo. Kuna zahanati, kuna kituo cha afya, kuna hospitali, na kila ngazi ina mambo yake: vyumba, vifaa, na watu wa kuviendesha. Ukisema wewe ni hospitali, unatakiwa uwe nayo, siyo uwe na nia nayo. Tukashuka ngazi. Da' Mkubwa akakubali kituo cha afya, lakini kiwe na chumba cha upasuaji, maana alisema hawezi kuwapokea wajawazito halafu akakosa pa kuwapeleka likitokea la kutokea. Mimi hilo la upasuaji niliona gharama tupu. Litunze kichwani, tutalirudia.

Basi yakaanza maandamano. BRELA kusajili kampuni. TRA kuchukua namba ya mlipa kodi. Ardhi kubadili matumizi, kwa sababu kiwanja kilikuwa cha makazi. Zimamoto wakataka mitungi na mlango wa dharura. OSHA wakaja kuangalia usalama wa wafanyakazi. Dawa zina watu wake, maabara ina bodi yake. Tukaota na kamashine ka eksirei, tukaambiwa mionzi ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Atomiki! Nilimwambia Da' Mkubwa, "Dada, sisi tunazalisha au tunatengeneza bomu?" Kamashine tukakaahirisha.

Halafu watu. Jengo halitibu, watu ndo wanatibu. Kila mmoja lazima awe na leseni hai ya baraza lake: muuguzi na mkunga kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga, mfamasia kwenye Baraza la Famasi, daktari kwenye Baraza la Madaktari la Tanganyika. Ndiyo, umesoma sawasawa, Tanganyika! Jina lenyewe lilitoka kwenye ramani mwaka 1964, lakini kwa madaktari bado linadunda. Vyeti vya ukutani vya tangu enzi za Mwalimu havitoshi, wanataka leseni ambayo haijaisha muda. Yule daktari wetu mzee akakubali kuwa msimamizi wa tiba. Leseni yake akaihuisha, akarudi anatembea kama kijana wa ishirini na tano.

Wakaguzi wakaja siku moja asubuhi, watu wanne. Sikuwahi kuona watu wanaangalia vitu visivyopendeza kwa upendo namna ile. Mimi nimewaandalia mapokezi yenye kochi na televisheni, wao wakapita moja kwa moja kwenda nyuma kuuliza shimo la kondo liko wapi. Tanuri la kuchomea taka liko wapi? Ndoo za taka ziko rangi ngapi? Tulikuwa na rangi moja, ya bluu, niliipata kwa bei poa. Ebo! Kumbe nyekundu na njano zina maana yake kwa taka zenye maambukizi, na sindano zina kiboksi chake peke yake. Halafu mmoja akatoa futi, akapima mlango wa kutoka chumba cha kujifungulia kwenda chumba cha upasuaji. Akapima tena. Akamwita mwenzake.

"Kitanda cha magurudumu hakipiti hapa," akasema.

Fundi alikuwa wangu mimi. Mlango ule nilimwambia aupunguze ili tuokoe tofali. Wakaandika ukurasa mzima na nusu wa marekebisho. Tarehe ya kuja tena, tukimaliza.

Sasa hapo, msomaji wangu, ndipo shetani anapopenda kupita.

Pesa zilikuwa zimeisha. Da' Mkubwa anadaiwa na duka la vifaa vya ujenzi. Wauguzi wawili tuliowaahidi kazi wananipigia kila Ijumaa. Kibao barabarani tayari, rangi nyeupe na nyekundu, "KINAFUNGULIWA HIVI KARIBUNI", na watu wa mtaani washaanza kunitania: hivi karibuni ya mwaka gani?

Siku hiyo nipo kwa mama lishe, jirani na ofisi moja ambayo sitaitaja, akaja jamaa kanyoosha shati, viatu unaweza kujitazama. Kaona faili langu. "Bro, naona unasumbuka. Usajili? Hiyo kitu ndogo. Nina mtu ndani. Nipe laki tano, kesho kutwa unaning'iniza ukutani." Huyu ndo anaitwa kishoka. Nilijua ni kishoka. Naomba nikiri kabisa, maana wengi wakitapeliwa wanajifanya hawakujua. Mimi nilijua, nikajidanganya kwamba kishoka wangu mimi ni tofauti. Kama wale dada zetu na waume za watu.

Laki tano nikaikopa. Da' Mkubwa sikumwambia. Na kweli, kesho kutwa cheti kikaja! Nembo ya taifa, bibi na bwana wamesimama, muhuri wa bluu, sahihi imepinda kama ya mkubwa kweli. Nikakiweka kwenye bahasha, nikapanga Jumamosi nimfanyie dada yangu sapraizi: nakining'iniza, tunafungua, mlango utapanuliwa pesa zikianza kuingia.

Jumamosi haikufika. Alhamisi usiku, saa nane na kitu, nimelala kwenye jengo kulinda mabati, nikasikia geti linapigwa kama linataka kuvunjwa. "Sista! Sista! Tusaidie!"

Da' Mkubwa anaishi nyumba ya nyuma hapo hapo. Ile natoka na tochi, namkuta kashafika getini na khanga yake. Kijana mmoja wa mtaa wa pili kamleta mkewe kwenye toroli la kubebea maji. Mimba kubwa. Gauni limelowa damu.

Nilishikwa na ubaridi, halafu akili yangu ikafanya kitu ambacho mpaka leo kinaniogopesha. Nikakimbia ndani nikachukua bahasha. Nikarudi, nikamnong'oneza: "Da' Mkubwa, muingize ndani. Cheti tunacho. Tumeruhusiwa."

Akakimulika kwa tochi. Sekunde mbili tu. Akakikunja, akakibana kwapani, akamgeukia mgonjwa kama vile mimi sipo.

Alimuuliza yule dada maswali matatu ya haraka. Unaumwa tumbo? Hapana. Damu imeanza saa ngapi? Umeshawahi kupimwa ukaambiwa kondo liko chini? Akamlaza ubavu wa kushoto, akamfunika, akamkataza mtu yeyote kumgusa huko chini. Mimi namwambia kuna kitanda ndani, kipya, hata plastiki haijatolewa! Hakunijibu. Akapiga 115, ile namba ya bure ya m-mama ya kusafirisha wajawazito, huku ananiamuru nikamwamshe jirani mwenye Noah awe tayari, yeyote atakayewahi tunaondoka naye. Halafu akapiga simu hospitali kubwa, akawaambia kinachokuja ili waandae damu na chumba.

Yule mume alichanganyikiwa. "Sista, jengo hili hapa! Wewe mkunga! Unamtoa mke wangu usiku huu?" Da' Mkubwa akamshika bega: "Mwanangu, ndani humo nina kuta tu. Twende." Akapanda naye garini, mkono wake kwenye mshipa wa yule dada safari nzima.

Kondo lilikuwa limetangulia njia ya mtoto. Wanaoelewa wanaelewa. Mimi nilieleweshwa kwenye benchi saa kumi na moja alfajiri: mama wa namna hiyo ukimchunguza kwa kidole tu unaweza kuifungulia damu ambayo hutaizuia. Anataka upasuaji, anataka damu, anataka mtu wa usingizi. Alipewa vyote. Mtoto alitoka wa kike, kilo mbili na nusu, kelele kama kipaza sauti cha mnadani. Mama akapona.

Pale benchini ndipo Da' Mkubwa alipokitoa kile kikaratasi kwapani, kimelowa jasho. Akakinyoosha gotini.

"Umetoa ngapi?"

"Laki tano."

"Soma kimeandikwa nini."

Nikasoma. Kimeandikwa HOSPITALI. Hata siyo kituo cha afya tulichoomba. Namba ya usajili, hakuna. Kwa furaha yangu yote, nilikuwa sijakisoma.

Akasema taratibu, bila hasira, ambayo ni mbaya zaidi: "Hii karatasi inasema nina chumba cha upasuaji, nina damu, nina daktari usiku. Yule mume angekiona ukutani angeniamini. Na wewe ungemwingiza. Halafu ningemtoaje kwenye ule mlango wako?"

Msomaji wangu, nimewahi kuachwa na mchumba siku ya kutoa posa, nimewahi kuzomewa stendi nzima. Sijawahi kunyamaza kama nilivyonyamaza pale.

Kishoka nilimpigia. Simu imezimwa, kaingia mitini, na bila shaka kashanunua viatu vingine. Nilidhani dada yangu atakichana kile cheti tuyasahau. Hapana. Jumatatu alinivalisha shati lile lile la mikono mirefu, tukaenda wote kwa mganga mkuu, kikawekwa mezani, nikasimulia kwa mdomo wangu. Kutoka pale tukaenda polisi nikaandikishe maelezo. Nilitegemea kufukuzwa na faili letu. Afisa yule akanitazama muda mrefu, akasema: "Mlango mmeshapanua?"

Tulikuwa hatujapanua. Tukarudi tukabomoa ukuta. Kaka yetu wa katikati, yule aliyepaliwa na chai, ndiye aliyetoa pesa za lenta mpya, tena bila kuombwa. Tukachimba shimo, tukajenga tanuri, tukanunua ndoo za rangi zote mpaka mtoto wa jirani akauliza kama tunafungua chekechea. Wakaguzi wakarudi, wakakuta mengine manne. Tukarekebisha. Wakarudi tena. Kuanzia ule usiku mpaka cheti chenyewe kufika ilikuwa miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo yule mume alizunguka mtaa mzima akisema tuna jengo zuri lakini tulimfukuza mkewe. Sikuwa na la kumjibu. Aliyemjibu ni mkewe, siku moja bombani mbele ya watu: "Asiyenifukuza siku ile angenizika." Mtaa ukanyamaza.

Cheti cha kweli kilipofika hakikuwa hata kizuri kama cha kishoka. Karatasi ya kawaida tu. Da' Mkubwa alivaa miwani, akasoma kila neno: jina, ngazi, namba. Halafu akanipa nyundo na msumari, akasema mimi ndo nikitundike. Nilikipigilia pale mapokezi, usawa wa macho, mahali ambapo kila anayeingia anakiona. Wiki ya kwanza yule dada alikuja kuleta binti yake kliniki. Alipita mlango wa mapokezi akasimama akakisoma, halafu ndo akakaa kwenye foleni.

Kwa hiyo, vijana wenzangu wa mjini, mkiingia zahanati iliyofunguliwa jana kando ya baa, kabla hujakunja mkono wa shati uchomwe sindano, angalia ukutani. Cheti kipo? Kina namba? Kinasema ngazi gani? Anayekuhudumia ana leseni hai? Uliza, huulizi kwa ubaya. Akikasirika, hilo nalo ni jibu, chukua mguu wako uondoke. Na wewe mwenye pesa zako unayetaka kufungua, usiogope wale wanaokuja na futi. Ogopa yule anayekuja na viatu vinavyong'aa.

Laki tano yenyewe bado nailipa. Da' Mkubwa alikataa kunisaidia hata shilingi, na mwisho wa mwezi ananiuliza nimefikia wapi. Nimebakiza laki moja na nusu.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo, Mungu akitujalia, tunarudi kwenye mambo yetu: kuna wifi mmoja kapasua sahani za harusi za watu. Usikose!